BMS Haitakusawazishia Betri

Ukiingia leo duka la vifaa vya sola, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, ukauliza kama unaweza kuongeza betri ya pili ya lithiamu juu ya ile uliyonunua mwaka jana, jibu litakuja hujamaliza swali: chomeka tu, BMS itajua. Muuzaji anasema hivyo, fundi anasema hivyo, na mteja aliyeisikia mara mbili anakwenda kumwambia jirani. Katika kazi hii sijui kauli nyingine iliyoenea upesi namna hii, wala inayomtia mtu hasara bila yeye kujua hasara imetoka wapi.

Naipinga, na siipingi nusunusu. BMS haijui. Ni ubao wa elektroniki uliofungiwa ndani ya betri moja, na kazi yake ni kuchunga seli za betri hiyohiyo: volti ya kila seli, joto, na ampea zinazoingia na kutoka. Mpaka ukivukwa, inakata. Betri iliyo pembeni haiioni. Haina habari kama ile nyingine imejaa au imekauka, ni mpya au imechoka, ni ya kemikali ileile au ya nyingine kabisa. Kuuachia ubao huo kazi ya kusawazisha betri mbili ni kuupa kazi ambayo haukuundiwa. Aliyepaswa kuifanya ni fundi, kabla waya haujagusa terminali.

Imani hii haikuzuka hewani. Mafundi wetu wengi walilelewa na betri za risasi, za maji kwanza, kisha za jeli. Betri ya risasi inasamehe. Ndani ya betri ya maji, seli iliyotangulia kujaa ikiendelea kupewa umeme inachemka na kutoa gesi, huku zilizokuwa nyuma zikiendelea kupanda. Ndiyo maana palikuwa na desturi ya kuzidisha chaji kwa makusudi mara mojamoja ili seli zote zifikiane. Betri ya risasi pia husema kweli ukiipima. Ya volti 12 iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.7; ikielekea kwisha inasoma 12 au chini yake. Aliyejifunzia hapo ana haki ya kuamini kwamba betri zikikaa pamoja zitafikiana, kwa sababu aliziona zikifikiana kwa macho yake.

Lithiamu haina msamaha huo. Seli iliyojaa haina maji ya kuchemsha. Ukizidi kuisukumia umeme, volti yake inapaa, kemikali zilizomo zinaanza kuharibika, na kinachoiokoa ni BMS kukata betri nzima. Seli zilizokuwa nyuma zinabaki nyuma, na kesho hali ni ileile.

Watetezi wa kuchomeka tu wana mfano wao wanaoupenda: matangi mawili ya maji yaliyounganishwa kwa bomba chini. Fungua koki, maji yatatoka kwenye tangi lililojaa kwenda kwenye lililopungua mpaka yalingane. Mfano huo naukubali, ila wanauacha njiani. Hawasemi bomba lina upana gani. Kati ya betri mbili za lithiamu bomba ni pana mno, kwa sababu ukinzani wa ndani wa betri hizi ni mdogo sana, na kinachopita humo hakipiti taratibu.

Tupige hesabu. Chukua betri mbili za ampea-saa 100, kila moja ina seli 16 za fosfeti ya chuma, aina iliyoenea sana kwenye sola za majumbani. Iliyojaa na kupumzika inasoma karibu volti 53.6. Iliyokaribia kukauka, seli zake zikiwa kwenye volti 3.0, inasoma 48. Tofauti ni volti 5.6. Ukinzani wa kila betri, ukijumlisha seli, BMS na nyaya, tuseme ni miliomu 20. Kwa zote mbili ni 40. Gawanya 5.6 kwa 0.040, unapata ampea 140 mara tu shaba inapogusa shaba. Betri ya ukubwa huo kwa kawaida hupendekezwa ichajiwe kwa ampea 50 hivi, na ukomo wake mara nyingi ni 100.

Na hapo ni betri mbili tu. Watu wetu wengi hawanunui betri zote siku moja. Wananunua ya kwanza, biashara ikikaa vizuri wanaongeza ya pili, mwakani ya tatu. Sasa chukua betri nne zilizokwisha kujaa, zimeungwa sambamba, halafu ya tano inafika kutoka dukani ikiwa karibu tupu. Nne zile kwa pamoja zina ukinzani wa miliomu 5 tu, ya tano ina 20. Jumla ni 25, na mkondo unaoanza kuingia kwenye ile moja ni ampea 224. Huu ndio ufungaji wa kila siku ambao watu wanaambiwa wachomeke tu.

Najua nitakavyojibiwa: mkondo huo unashuka haraka. Ni kweli. Betri tupu ikianza kupokea, volti yake inapanda na tofauti inapungua. Lakini haushuki hadi sifuri. Unaweza kusimama kwenye makumi ya ampea na kukaa hapo muda mrefu, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu ampea 60 au 80 hazifikii kiwango cha BMS ya ampea 100 kukata. Ubao hauoni kosa lolote. Kinachopata moto ni kichwa cha waya kisichobanwa sawasawa, au waya mwembamba uliochaguliwa kwa kuwa ndio uliokuwepo, ndani ya kabati lililofungwa, wakati kila mtu ameshakwenda kula. Na wale wanaojifariji kwamba fosfeti ya chuma haishiki moto kirahisi wakumbuke kwamba mpira wa waya unashika.

Mkondo ukiwa mkubwa wa kutosha kuishtua BMS, je? Kinga ya shoti kwenye BMS nyingi imepangwa kwa ajili ya umeme unaotoka. Kwa umeme unaoingia, nyingi husubiri sekunde kadhaa ndipo zikate. Na kinachokata si swichi ya chuma, ni safu ya transista ndogo zilizochomelewa kwenye ubao. Kukata zaidi ya ampea 200 kwa ghafla kunazitesa, na transista za aina hii zikifa, mara nyingi hufa njia ikiwa wazi, umeme unapita kama kawaida. Mteja haoni tofauti yoyote. Taa zinawaka, friji linagandisha, simu inaendelea kuonyesha volti za seli moja moja, hata kitufe cha kuzima chaji kipo palepale kwenye skrini. Ukikibonyeza, chaji haizimiki. Familia inalala nyumba moja na betri ambayo mlinzi wake amekufa, na atagundulika siku inveta itakapopangwa vibaya au seli moja itakapozidi wenzake. Cheche ya siku ya kufunga siiogopi kama ninavyoiogopa hali hii.

Lakini cheche nayo tuizungumzie, maana imezalisha udanganyifu wake. Fundi anashika waya mwekundu, anausogeza kwenye terminali ya betri ya pili, na kabla havijakutana vizuri kunalia ta!, mwanga wa bluu unaruka, na kwenye shaba kunabaki kishimo cheusi chenye ukingo unaong'aa. Anasema: hiyo kawaida, hata inveta hufanya hivyo. Anachanganya mambo mawili. Inveta ina kapasita kubwa kwenye mlango wake wa betri. Ukiiunga, kapasita zinajaa kwa kufumba na kufumbua na mambo yamekwisha, na hata hiyo inazuilika kwa kupitisha umeme kwanza kwenye rezista sekunde chache. Cheche ya betri kwa betri ni mwanzo wa mkondo unaoendelea baada ya mwanga kuzimika. Jicho haliuoni. Utauona kwa klampu mita inayosoma DC, na nasisitiza DC, kwa sababu klampu mita nyingi za bei nafuu husoma AC pekee: utaubana waya uliobeba ampea 80, mita ikuandikie sifuri, nawe uondoke na amani ya uongo.

Wapo mafundi waangalifu zaidi, na hao nawaheshimu. Wanasema: mimi sichomeki ovyo, napima kwanza, volti zikilingana naunga. Kwa betri za risasi kipimo hicho kilitosha. Kwa fosfeti ya chuma hakitoshi, na sababu yake iko ndani ya kemikali yenyewe. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, Padhi, Nanjundaswamy na Goodenough, walichapisha kazi iliyoitambulisha maada hii kwa ulimwengu wa betri. Inapotumika, punje zake hazipungukiwi lithiamu kidogokidogo kwa usawa. Zinageuka kutoka umbo moja kwenda jingine, na muda wote maumbo hayo mawili yanapokuwa pamoja volti inakaa palepale. Ndiyo maana seli iliyo na asilimia 30 na iliyo na asilimia 80 hazipishani hata sehemu ya kumi ya volti. Kwa betri ya seli 16, nusu volti tu inaweza kuficha theluthi ya ujazo wote. Ongeza hapo kwamba betri iliyotoka kwenye chaji sasa hivi inasoma juu kuliko hali yake, na iliyotoka kubeba mzigo inasoma chini, utaona jinsi mbili zinavyoweza kuandika 52.8 na 52.8 huku moja ina nusu ya umeme na nyingine robo tatu.

Hapa niwe mkweli kwa upande wa pili. Betri mbili za aina moja zikiungwa zikiwa katikati ya safari namna hiyo, hakuna kitakacholipuka. Tofauti ya volti ni ndogo, ampea zitakazopita ni chache, na zikijazwa pamoja hadi juu zitakutana. Kama mtu anafanya hivyo kwa kujua, simgombezi. Ninayemgombeza ni anayedhani kipimo kimemwambia betri ziko wapi, ilhali hakikumwambia kitu. Leo bahati imemweka katikati. Kesho moja itakuwa imepita ukingo wa chini, pale volti inapoporomoka, na atakuwa na zile ampea 140 mikononi. Sehemu ambayo mita husema kweli ni kwenye kona: juu kabisa au chini kabisa. Ya juu ndiyo salama kufanyia kazi.

Halafu kuna namba 48 kwenye kibandiko. Hoja ya kwamba zote ni 48 imeniudhi miaka mingi, kwa sababu namba hiyo inabandikwa kwenye vitu visivyofanana. Betri ya seli 16 za fosfeti ya chuma inajaa kwa volti 58.4. Ya seli 15 za aina hiyohiyo inajaa kwa 54.75. Betri za nikeli, manganizi na kobalti, kama nyingi zilizofunguliwa kwenye baiskeli na pikipiki za umeme, zenye seli 13 zinajaa kwa 54.6 na zenye seli 14 kwa 58.8. Zote nne zinaitwa 48. Ukiunga ya mwisho na ya kwanza, chaja haitaona tatizo, kwa kuwa 58.8 na 58.4 zinakaribiana. Lakini zikitulia, moja inabaki kwenye volti 58 na nyingine inataka kushuka hadi 53 na kitu. Ile ya mtumba itaikandamiza mwenzake saa zote, seli zikishikiliwa juu kuliko zinavyostahimili kukaa. Hazisawazishiki hizo, leo wala kesho. Haziungwi. Mwenye nazo azitumie kila moja na chaja yake.

Upande mwingine kuna mteja anayesema zake ni mpya, zimetoka kiwanda kimoja, kwa nini apoteze siku nzima? Kwa sababu kutoka kiwanda kimoja si kutoka siku moja. BMS yenyewe inakula umeme kidogo muda wote isipolazwa kabisa. Tuseme ni miliampea 10: kwa mwezi ni ampea-saa 7 na zaidi kidogo. Betri iliyokaa ghalani miezi sita zaidi ya mwenzake imepoteza zaidi ya ampea-saa 40 kabla haijaguswa, na kwa betri ya 100 hiyo si tofauti ya kupuuza.

Bado sijaligusa neno la msingi la wapinzani wangu, kwamba BMS imeandikwa kusawazisha. Imeandikwa, na inasawazisha kweli, ila ni seli za ndani ya betri yake, na kwa mwendo wa konokono. BMS nyingi za kawaida hupunguza seli iliyotangulia kwa kuichomea umeme wake kwenye rezista, kwa mkondo wa miliampea 50 hadi 200. Seli moja ikiwa imeachwa nyuma ampea-saa 10, kwa miliampea 100 itahitaji saa 100. Na saa hizo si za saa ishirini na nne kwa siku, kwa sababu kazi hiyo kwa kawaida hufanyika seli zikiwa karibu kujaa tu. Mfumo wa sola unakaa juu kule labda saa moja na nusu kwa siku yenye jua. Hesabu hiyo inakupeleka zaidi ya miezi miwili ya kiangazi, bila wingu. Wanaotumia visawazishaji vya kuhamisha umeme wa ampea 1 au 2 wanakwenda kasi zaidi, nami navipenda, lakini hata hivyo havivuki ukuta wa betri moja kwenda kwenye nyingine.

Kwa hiyo kazi inafanywaje? Kila betri ichajiwe peke yake hadi juu, kwa chaja moja na mpango mmoja. Kwa seli 16 za fosfeti ya chuma naipanga volti 56.8, ambayo ni 3.55 kwa seli, na siondoki volti zinapofika hapo; nasubiri ampea zishuke zenyewe mpaka kama 5 kwa betri ya ampea-saa 100. Nafungua orodha ya seli kwenye simu. Seli ya juu kabisa na ya chini kabisa zikipishana zaidi ya milivolti 30 pale juu, betri hiyo bado haijawa tayari, iachwe iendelee kujisawazisha hata kama ni siku ya pili. Kisha inatolewa kwenye chaji, inapumzika saa moja au mbili, na inayofuata inapanda. Zote zikishapumzika, mita ileile inazipima zote. Nisipopata tofauti iliyo chini ya volti 0.1 siungi moja kwa moja.

Hata nikiipata, waya wa kwanza haupiti mtupu. Hasi kwa hasi kwanza, kisha kati ya chanya na chanya naweka taa ya mbele ya gari, ya volti 12 na wati 55. Betri zikiwa sawa, taa haiwaki. Ikiwaka, kuna tofauti ambayo sikuiona, na taa inaibeba kwa ampea chache bila kuumiza kitu, mradi tofauti haizidi zile volti 12 ambazo taa imeundiwa. Hufifia yenyewe kadiri zinavyokaribiana. Ikizimika na mita ikasoma karibu sifuri kati ya chanya hizo mbili, ndipo taa inatolewa na waya mnene unafungwa. Baada ya hapo klampu mita ya DC inabana waya: ampea moja au mbili zinazoelekea sifuri, sawa, zaidi ya hapo, fungua, rudi mwanzo.

Kila betri iwe na fyuzi yake, karibu na terminali, iliyoandikwa DC na volti inayozidi za mfumo. Umeme wa AC wa hapa kwetu unapita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche inapata nafasi ya kufa. DC haina nafasi hiyo, na breka ya ukutani ya AC inaweza kufunguka huku moto unaendelea kuwaka ndani yake. Nyaya za betri zote ziwe na urefu mmoja, ziishie kwenye baa za shaba. Zipo pia betri za rafu zenye kidhibiti ndani kinachobana mkondo wa kuingia, kwa mfano hadi ampea 10, wakati wa kuungana. Mwenye hizo afuate kitabu chake, na ahakikishe kimeandikwa kweli, asichukue neno la dukani.

Wanaounda betri zao kwa seli mojamoja wana kazi ndefu zaidi, na hapa ndipo nimeona uharibifu mwingi unaofanywa na watu makini. Wanaunga seli 16 za ampea-saa 280 sambamba, wanaweka chaja ya mezani kwenye volti 3.65, ampea 10, wanangoja. Seli hizo pamoja ni ampea-saa 4,480. Zikiwa nusu, zinahitaji saa 224, zaidi ya siku tisa. Siku ya pili subira inaisha. Nyaya nyembamba za chaja zinapoteza volti njiani, ampea zinashuka, na mtu anazungusha kitufe hadi volti 4 au 5 ili ziende haraka, kisha analala. Usiku seli zinafika juu, ampea zinapungua, upotevu wa njiani unatoweka, na zile volti 5 zote zinatua kwenye seli. Asubuhi zimevimba. Njia iliyo sawa ni kuzifunga kwanza mfululizo na BMS, kuzijaza kwa chaja ya kawaida mpaka seli ya kwanza ikatishe, ndipo zifunguliwe, ziungwe sambamba na kumaliziwa kwa chaja ya mezani iliyopangwa 3.65 kabla haijaunganishwa na chochote, na isiguswe tena.

Betri ndogo za volti 12 zinazofungwa nne mfululizo kupata 48 zinahitaji uangalifu uleule: kila moja ijazwe peke yake, kisha zilazwe sambamba usiku mmoja, ndipo ziungwe mfululizo. Moja ikiwa nyuma, nyingine itawahi kujaa na BMS yake kukata mfumo wote. Na inapokata, transista zake zinakutana na volti za mfumo mzima, pengine kuzidi zilizoundiwa.

Narudi kwenye hoja ambayo kwa kweli ndiyo inayoziendesha zote: mteja hasubiri, na siku ya kusawazisha hailipwi. Naielewa njaa ya fundi. Lakini tazama nani analipa siku hiyo isipofanyika. Inveta ya kilowati 5 kwenye volti 48 inavuta ampea 104 ikibeba mzigo wote. Betri mbili zinagawana, 52 kila moja. Moja, kwa kuwa seli zake hazikusawazishwa, inajiondoa katikati ya usiku kwa sababu ya seli moja iliyokauka mapema. Mzigo wote unaangukia ya pili, unapita ukomo wake, nayo inakata. Nyumbani ni giza na kero. Kwenye zahanati ni friji la chanjo, ambalo linapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na mama aliyetembea na mtoto mgongoni anaambiwa arudi wiki ijayo. Jua likitoka, betri moja inarejea kabla ya nyingine, inaanza kujaa, kisha ya pili nayo inajifunga upya ikiwa chini sana, na mkondo uleule wa siku ya kufunga unarudi, safari hii bila fundi, bila mita, bila mtu yeyote chumbani.

Kwa hiyo siku hiyo iandikwe kwenye ankara kwa jina lake, kusawazisha betri, na bei yake, kama yanavyoandikwa mabano ya paneli na mita za waya. Mteja naye asidai ifutwe. Adai karatasi: volti za kila betri baada ya kujazwa na kupumzika, seli ya juu na ya chini ya kila moja, na ampea zilizosomwa kati yao zilipoungwa. Fundi aliyeifanya kazi anazo namba hizo kwenye daftari tayari. Asiye nazo afungue nyaya zake, arudishe betri moja moja kwenye chaji, na gharama ya siku ya pili iwe juu yake.